Anakaa na Nani? Ushiriki katika Jamii kwa Watoto na Watu Wazima Wanaoishi na Ulemavu

Katika kliniki ya utengamao kuna mazungumzo ambayo hurudiwa karibu kila wiki. Mama ameketi kwenye mkeka wa mazoezi, na mtoto wake mwenye mtindio wa ubongo ameegemea kifua chake. Mtaalamu anauliza: "Mama, mtoto wetu anaendeleaje?" Mama anajibu kwa furaha aliyoibeba tangu alfajiri: "Sasa anakaa mwenyewe, daktari." Mtaalamu anamweka mtoto mkekani, anathibitisha kwamba kweli anakaa bila kushikwa, kisha anaandika kwenye faili kwamba lengo limefikiwa. Akikumbuka, atauliza swali la pili: "Na akishakaa, anakaa na nani?" Hapo mama husita kidogo. "Si nimesema, daktari, anakaa mwenyewe."

Neno "mwenyewe" lina pande mbili. Upande mmoja ni kukaa bila kusaidiwa, jambo lililogharimu miezi ya mazoezi na nauli. Upande wa pili ni kukaa bila mtu. Mtoto amepata uwezo wa kukaa, lakini anautumia chumbani, mgongo ukiwa ukutani na mlango umerudishwa, huku ndugu zake wakicheza rede uani. Kwa kipimo cha misuli, tiba imefaulu. Kwa kipimo cha maisha, tiba imefika nusu ya njia. Makala haya yanahusu nusu iliyobaki, ambayo wataalamu huiita ushiriki. Yameandikwa kwa ajili ya wahudumu wa afya, na pia kwa mgonjwa na familia yake, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika nje ya hospitali.

Maana ya ushiriki

Mwaka 2001 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliidhinisha Uainishaji wa Kimataifa wa Utendaji, Ulemavu na Afya, ambao hujulikana kwa kifupi kama ICF. Waraka huo huitazama afya ya mtu katika ngazi tatu. Ya kwanza ni mwili wenyewe, yaani viungo na kazi zake: nguvu ya misuli, uoni, kumbukumbu. Ya pili ni shughuli: kukaa, kushika kijiko, kusoma, kupanda ngazi. Ya tatu ni ushiriki, yaani kujihusisha katika hali halisi za maisha: kusoma shuleni pamoja na wenzako, kuuza gengeni, kuswali jamaa, kuimba kwaya, kuhudhuria mkutano wa mtaa na kusikilizwa. Ngazi zote tatu huathiriwa na mazingira anamoishi mtu, na pia na sifa zake binafsi kama umri, tabia na historia ya maisha yake.

Waraka huohuo hutenganisha mambo mawili ambayo sisi wahudumu huyachanganya mara nyingi: anachoweza mtu anapopimwa, na anachokifanya kweli katika maisha yake. Mzee aliyepata kiharusi anaweza kutembea mita 20 kwenye ukumbi wa hospitali wenye sakafu laini, mtaalamu akiwa pembeni yake. Nyumbani kwake kuna kizingiti, kisha mtaro usiofunikwa, kisha njia ya mchanga. Tangu aruhusiwe hajavuka kizingiti kile. Tukisoma faili lake tutasema anatembea. Tukiwauliza jirani zake watasema hawajamwona.

Hata hivyo, kuonekana peke yake hakutoshi. Mwaka 2017 Christine Imms na wenzake walipendekeza kwamba ushiriki upimwe kwa mambo mawili: kuhudhuria, yaani kuwepo mahali jambo linapotendeka, na kujihusisha, yaani kile mtu anachokipitia akiwa hapo. Tofauti hii inaeleweka kirahisi msibani. Mgonjwa wa kiharusi anachukuliwa kwa bajaji hadi kwenye msiba wa ndugu yake, anawekwa kwenye kiti chini ya mwembe, na kila anayepita anamuuliza kijana aliyemleta: "Mzee anaendeleaje?" Mzee mwenyewe anasikia na anaelewa, ila ulimi ni mzito. Saa nne zinapita. Amehudhuria msiba, lakini hakuhani.

Kwa watoto, tofauti hiyo ilichorwa mapema zaidi na Roger Hart katika andiko lake la mwaka 1992 lililotolewa na UNICEF. Alichora ngazi yenye vipawa 8 vya ushiriki wa watoto, na vile 3 vya chini kabisa akasema si ushiriki hata kidogo: mtoto anapotumiwa, anapofanywa pambo, na anapowekwa mbele kwa ajili ya kuonekana tu. Nakiri kwamba kila nikihudhuria maadhimisho ambamo watoto wenye ulemavu wamevishwa fulana mpya na kupangwa mstari wa mbele kwa ajili ya picha, kisha hotuba zote zikatolewa na watu wazima wasio na ulemavu, huikumbuka ngazi hiyo.

Kwa nini jambo hili ni la kitabibu

Wapo watakaosema kwamba harusi, kwaya na michezo ya watoto ni mambo ya ustawi wa jamii, na kwamba kazi ya hospitali ni mwili. Hoja hiyo haisimami. Uwezo unaopatikana kwenye mkeka wa mazoezi hupotea usipotumika. Mkono uliojifunza tena kushika utaendelea kushika ikiwa kuna kitu cha kushika kila siku. Takriban mtu mmoja kati ya watatu waliopata kiharusi hupatwa na sonona, na sonona humfanya mgonjwa aache mazoezi, aache dawa za shinikizo la damu, na akatae chakula. Upweke huiongeza. Kwa hiyo mhudumu anayeuliza kama mgonjwa wake ametoka nje wiki hii anafanya uchunguzi wa kitabibu, sawa na anayepima shinikizo la damu.

Kuna sentensi moja inayosikika sana katika familia zetu, na husemwa kwa upendo: "Akipona atakwenda." Akipona atakwenda shule. Akipata nafuu atarudi kwenye kikundi. Sentensi hii ndiyo huwafungia watu ndani kwa miaka. Mtindio wa ubongo ni hali ya kudumu: mtoto huendelea na kukua nayo, lakini haiondoki. Baada ya kiharusi, nafuu kubwa ya mwili hupatikana katika miezi ya mwanzo, kisha hupungua kasi. Ukisubiri mwili ukamilike ndipo maisha yaanze, utasubiri kitu ambacho tiba haikukuahidi. Ushiriki huanza na mwili uliopo leo.

Upo ushahidi mzuri wa jambo hili kwa watoto. Mwaka 2011 Mary Law na wenzake nchini Kanada walichapisha matokeo ya jaribio lililohusisha watoto 128 wenye mtindio wa ubongo, wenye umri kati ya mwaka mmoja na chini ya miaka 6. Kundi moja lilipewa tiba iliyolenga kumbadilisha mtoto: kunyoosha misuli, kuimarisha viungo, kurekebisha miondoko. Kundi la pili halikufanyiwa hivyo. Wataalamu walibadilisha kazi yenyewe na mazingira yake: kiti, meza, kifaa, namna ya kuifanya shughuli, watu walio karibu. Baada ya miezi 6 makundi yote mawili yalikuwa yamepata maendeleo, na hapakuwa na tofauti kubwa kati yao. Maana yake kwa mzazi ni hii: kuikata miguu ya kigoda ili mtoto afikie sinia pamoja na wenzake ni tiba, na inaweza kumsaidia kama zoezi linavyomsaidia.

Mtoto asiyetumwa

Katika nyumba zetu mtoto hujulikana kuwa ni wa nyumba kwa kutumwa. Anatumwa dukani, anatumwa kwa jirani kuazima kinu, anaambiwa alete maji ya kunawa wageni wamefika. Mtoto hulalamika kwa kutumwa, lakini kutumwa ndiko humfundisha njia, majina ya watu, hesabu ya chenji na adabu ya kubisha hodi. Sasa tazama nyumba yenye mtoto mwenye ulemavu. Analishwa, anaogeshwa, anapendwa, lakini hatumwi. Hajawahi kuombwa chochote. Mara nyingi hii ndiyo alama ya kwanza ya kutengwa, na haionekani kwa sababu imefunikwa na huruma.

Kwa hiyo, kabla ya kuzungumzia shule au viwanja vya michezo, mhudumu aulize: "Mtoto huyu ana kazi gani hapa nyumbani?" Jibu likiwa "hana", tafuteni moja pamoja. Mtoto anayekaa lakini hatembei anaweza kuchambua mchele au kuokota maharage mabovu kwenye ungo. Mtoto ambaye mkono wake mmoja una nguvu anaweza kushika kitambaa cha kufutia mikono wakati ndugu yake ananawisha wageni. Mtoto asiyeweza kusema anaweza kubeba ujumbe kwa picha: karatasi yenye mchoro wa chumvi, pesa ndani ya mfuko uliofungwa kwenye kiti mwendo, na mdogo wake akisukuma. Mwenye duka atazoea, na akishazoea atamjua mtoto kwa jina.

Kisha mchezo. Turudi kwenye ile rede ya uani. Mtoto aliye kwenye kiti hawezi kukwepa mpira katikati, lakini anaweza kuwa mmoja wa wanaorusha kutoka mwishoni mwa uwanja. Mpira wa soksi ukiwa mkubwa kidogo na umbali ukipunguzwa hatua mbili, ataulenga. Watoto wengine hawahitaji semina kwa ajili ya hili. Waambie tu kwamba fulani anacheza, kisha waulize wafanyeje, nao watatunga sheria mpya ndani ya dakika chache na kuzigombania kama wanavyozigombania za zamani. Mzazi ajizuie asiingilie kila ugomvi. Mtoto ambaye hajawahi kubishana na wenzake kuhusu mchezo bado ni mgeni kati yao.

Mambo ya usalama hayawezi kuachwa nyuma. Mtoto mwenye kifafa asiachwe peke yake karibu na kisima, mto au moto, na wale anaocheza nao wafundishwe jambo dogo la kufanya akianguka: wamlaze ubavu, waondoe vitu vinavyoweza kumuumiza, wasimwekee kitu mdomoni, waite mtu mzima. Degedege likizidi dakika 5, apelekwe kituo cha afya haraka. Mtoto anayepaliwa kirahisi ale akiwa ameketi wima, hata kwenye sherehe ambako kila shangazi anataka kumlisha kipande cha nyama mkononi mwake. Shangazi aelezwe kwa heshima, na apewe uji mzito amlishe taratibu kwa kijiko, maana naye anataka kushiriki.

Kuhusu shule nitasema machache. Uandikishaji ni haki ya mtoto, na walimu wengi wana nia njema, ila wanaogopa wasichokijua. Barua fupi ya mtaalamu kwa mwalimu mkuu husaidia kuliko hotuba. Iandikwe kwa Kiswahili cha kawaida: mtoto anakaaje vizuri, anaonyeshaje kwamba anataka kwenda chooni, anahitaji muda gani kujibu swali, na dawa anakunywa saa ngapi. Ukurasa mmoja unatosha.

Mtu mzima na mchango wake

Mtu mzima hutambulika katika jamii kwa anachokitoa. Anachangia msiba, anashika daftari la kikundi, anasuluhisha ugomvi wa majirani, anajua nani aolewe na nani na kwa nini haifai. Ugonjwa unapomwangusha, familia humwondolea majukumu yote kwa siku moja ili apumzike, na baada ya hapo hakuna anayekumbuka kumrudishia. Kwa sababu hiyo swali "Unaweza kufanya nini?" huwa gumu kwa mgonjwa, kwani jibu lake ni orodha ya hasara. Liulizwe hivi: "Mzee, kabla ya kuumwa, ulikuwa unawafanyia watu nini?" Mgonjwa huinua uso. Alikuwa mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa. Je, anaweza kuhesabu? Anaweza. Kuandika kwa mkono wa kulia ndiko kumeshindikana. Basi atahesabu yeye, na mjukuu ataandika, na wanachama watakutana barazani kwake badala ya kwenda kwenye nyumba yenye ngazi.

Sababu zinazowazuia watu wazima kutoka nje aghalabu si zile wanazozitaja. Mgonjwa husema amechoka, au hataki kusumbua watu. Ukiwa na subira, ukimhoji faraghani, mara nyingi utakuta kwamba sababu ni choo. Baada ya kiharusi, au baada ya jeraha la uti wa mgongo, kibofu huenda kisitii. Mwanamke wa makamo aliyewahi kulowana mbele ya wakwe zake hatarudi kwenye shughuli, hata umletee kiti mwendo cha bei gani. Hapa mhudumu ana mengi ya kufanya. Apime mkojo kuona kama kuna maambukizi. Amfundishe kwenda chooni kwa ratiba, kila baada ya saa mbili au tatu, badala ya kusubiri kubanwa. Amshauri asijinyime maji siku nzima, bali apunguze kunywa muda mfupi kabla ya safari. Afikirie naye nguo rahisi kuvua, kitambaa cha akiba, na mtu mmoja anayeaminika atakayejua. Aulize pia choo cha nyumba anayokwenda kikoje. Ni mazungumzo ya robo saa, nayo yanaweza kumrudisha mtu kanisani baada ya mwaka mzima.

Usemi nao ni kizuizi kikubwa. Aliyepoteza usemi kwa kiharusi hakupoteza akili, na jambo hili familia ielezwe waziwazi, mgonjwa mwenyewe akiwepo. Watu waseme naye wakimtazama, wamuulize maswali ya ndiyo na hapana, wampe muda wa kujibu, wasimalizie sentensi zake kabla hajaomba. Mtu anayeweza kuinua mkono anaweza kupiga kura ya mkutano wa mtaa. Anayeweza kuitikia "amina" ameshiriki dua. Katika ule msiba niliousimulia, ingetosha mtu mmoja kuinama, kumshika mkono mzee na kumpa nafasi ya kumgusa mfiwa begani.

Dawa ziende pamoja na mtu. Safari ya arusini au msibani ni wakati ambao dozi za shinikizo la damu na kisukari husahaulika, hasa inapolazimu kulala huko. Zifungwe kwenye pakiti ndogo za siku mbili tatu, ziwekwe kwenye mkoba wa mgonjwa, si kwenye sanduku la mtu mwingine.

Vizingiti vya mbao na vya maneno

Baadhi ya vizuizi hupimika kwa futi kamba. Kwa njia ya mteremko inayofaa kiti mwendo, kipimo kinachotumika sana ni cha moja kwa kumi na mbili: kila sentimita 1 ya kimo huhitaji sentimita 12 za urefu. Kizingiti cha sentimita 15 kwenye mlango wa ofisi ya mtaa kinahitaji mteremko wa sentimita 180, yaani mita 1 na sentimita 80. Mlango uwe na upana wa sentimita 80 au zaidi. Fundi wa mtaani anaweza kuijenga njia hiyo kwa saruji kidogo na mawe, na nimeona familia zilizotumia mbao imara zenye vijiti vilivyopigiliwa pande zote mbili ili gurudumu lisitoke.

Kiti mwendo chenyewe si baiskeli ya kupokelewa kwenye hafla na kupelekwa nyumbani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2008 unaeleza hatua 8 za huduma hiyo, kuanzia rufaa na tathmini, kupita kwenye kuchagua, kuandaa na kulinganisha kiti na mwili wa mtumiaji, hadi mafunzo na ufuatiliaji. Hapa Tanzania, chuo cha TATCOT kilichopo Moshi ni miongoni mwa vyuo vinavyofundisha wataalamu wa fani hii. Kiti kipana kupita kiasi humfanya mtoto apinde mgongo, na kiti kisicho na mto unaofaa huleta vidonda vya mgandamizo kwa mtu asiyehisi makalio yake. Mtu huyo ajinyanyue au ajiegemeze mbele mara kwa mara, walau kila nusu saa, na ngozi yake ikaguliwe kila jioni. Wekundu usioondoka ni dalili ya hatari. Huo ndio wakati wa kuacha safari kwa siku kadhaa na kwenda kituo cha afya.

Vizuizi vingine havipimiki kwa futi. Mkutano wa kijiji ukiitishwa saa saba mchana kwenye uwanja usio na kivuli, mtu mwenye ualbino ameshaondolewa bila kutajwa. Mkutano bila mkalimani wa lugha ya alama humwacha kiziwi akitazama midomo. Kondakta anayemwambia mwenye magongo asubiri gari linalofuata amekata ushiriki wake wa siku nzima. Zipo pia imani kwamba ulemavu ni laana au malipo ya kosa la mama. Mhudumu wa afya asinyamaze hapo. Aeleze kwa lugha nyepesi kilichotokea: ubongo wa mtoto ulijeruhiwa kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au baadaye, na hakuna aliyeroga wala aliyelaaniwa. Maelezo hayo yakitolewa mbele ya baba na bibi wa mtoto, na si mama peke yake, yana uzito zaidi.

Sheria ipo upande wa mgonjwa. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009. Ibara yake ya 19 inahusu haki ya kuishi ndani ya jamii, na ya 30 inahusu utamaduni, burudani na michezo. Kwa Tanzania Bara ipo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010, ambayo inatambua kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa. Muulize mwenyekiti wa mtaa wako kama kamati hiyo imeundwa. Aidha, halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu wa kuomba umebadilishwa katika miaka ya karibuni, kwa hiyo pita kwanza kwa afisa maendeleo ya jamii.

Dakika kumi za kliniki

Najua hali ya kliniki zetu. Foleni ni ndefu, na mtaalamu mmoja huhudumia watu wa wilaya nzima. Lakini swali la ushiriki halihitaji chumba wala kifaa. Njia moja, iliyotokana na kipimo kilichobuniwa na wataalamu wa tiba kwa vitendo wa Kanada mwaka 1991, ni kumwomba mgonjwa au mzazi ataje mambo yasiyozidi 5 ambayo anataka kuyafanya au anatarajiwa kuyafanya, lakini hayaendi vizuri. Kwa kila jambo atoe alama kutoka 1 hadi 10: analifanya vizuri kiasi gani sasa, na anaridhika kiasi gani. Baada ya miezi 3 ulizeni tena. Alama zikipanda, tiba inafanya kazi, hata kama goti halijanyooka zaidi.

Jambo lililochaguliwa liwe la mgonjwa. Nimewahi kumwandikia mtu mmoja lengo la kurudi kwenye kikundi chake, naye akakubali kwa adabu, kisha hakurudi kliniki. Baadaye nilielewa kwamba hakukipenda kikundi kile hata alipokuwa mzima. Kushiriki ni pamoja na haki ya kukataa. Hata hivyo, kukataa kila kitu, kukosa usingizi, kulia mara kwa mara au kusema kwamba ni afadhali kufa si uamuzi wa kawaida. Ni dalili za sonona, na mgonjwa apewe rufaa ya afya ya akili siku hiyohiyo.

Mlezi naye aulizwe. Mama wa mtoto mwenye ulemavu mara nyingi ameacha kwaya, ameacha upatu, ameacha kwenda kwao. Mgongo unamuuma kwa kumbeba mtoto ambaye sasa ana kilo 20. Mtoto akijifunza kukaa na shangazi yake saa mbili kila Jumamosi, watu wawili wamepata ushiriki kwa wakati mmoja.

Lengo linaloandikwa kwenye faili liwe na mahali, watu na siku. "Kuboresha usawa wa kukaa" libaki, lakini chini yake liongezwe la pili. Kwa mtoto tuliyeanza naye, linaweza kusomeka hivi: kila Jumapili, wageni wanapofika, ataketi kwenye kigoda chake mlangoni pa sebule, ashike kitambaa, na dada yake amwagie wageni maji. Alama ya mama leo: utendaji 2, kuridhika 1. Tarehe ya kurudi: baada ya wiki 12, aje pamoja na dada.